Vidole Arobaini na Kimoja

Louisville, 11 Januari 2015

Mdogo wangu Cibalonza,

Pokea salamu zangu na za Caritas mke wangu. Sisi wazima, ukiondoa magoti ya Caritas yanayomsumbua tangu baridi ianze, na mgongo wangu. Kule ghalani wamenihamishia upande wa kupakia. Nabeba maboksi nikiwa na kimashine kimefungwa mkononi, kinanihesabia mwendo. Msimamizi wangu ana umri wa mwanao Chimène. Juzi alinipiga bega akaniambia nijitahidi kidogo, mzee. Mimi, ambaye nikiingia ofisini watu walikuwa wanasimama. Bon, tuyaache.

Nimetii amri yako. Huu mwaka wa tatu hupokei simu yangu, unasema kwenye simu nakushinda kwa maneno, heri niandike unisome polepole. Caritas anacheka, anasema ndugu wa tumbo moja tunaandikiana barua utadhani serikali mbili zinagombea mpaka. Lakini wewe tangu utoto ukishaamua umeamua.

Kazi yako ya kutunza wazee inaendeleaje? Na baridi ya Buffalo, bado unaiweza? Nimesikia familia ya mzee Sebagabo itakuja rasmi mwezi wa sita kumwombea kijana wao Chimène wetu, huko Columbus. Nitakuja. Baba yetu hayupo, mimi ndiye baba. Nani mwingine atakaa kwenye kile kiti?

Sasa neno lenyewe. Nimeitwa nyumbani. Serikali na wafadhili wa Ulaya wanaunda nafasi mpya, kubwa: Mratibu Mkuu wa Mazingira, Uhusiano wa Kimataifa na Jamii za Msituni. Mtu mmoja asimamie mapatano yote na nchi za nje kuhusu misitu, na huyohuyo asimamie mambo ya Batwa na makabila mengine yaliyotolewa msituni. Wenzangu wa zamani wamelitaja jina langu, kwa kuwa kazi hiyo niliifanya jimboni miaka saba nikiwa mkurugenzi. Nikipata, nitaachana na kimashine hiki, nitakufa mtu.

Wafadhili wana sharti moja. Kila anayeomba alete barua ya mtu wa jamii ya msituni iliyoguswa na kazi yake, aseme walitendewa haki. Nimefikiri sana. Mtu anayejua kuandika, anayefikika kwa posta, na mwenye haki ya kusema kwa niaba ya watu wa msitu wa Nyabihira, ni wewe, mjane wa shemeji yangu Nshombo. Ili nisikuchoshe, barua nimeshaiandika. Wewe tia sahihi tu, uirudishe kwa bahasha niliyoiweka humu. Stempu ipo. Mwisho wa kupokea ni tarehe thelathini Juni.

Damu nzito kuliko maji, mdogo wangu.

Kaka yako mkubwa,
Bagula


Buffalo, 2 Machi 2015

Yaya Bagula,

Salamu zako zimefika, kaka yangu, na nimezipokea. Mpe Caritas pole ya magoti, mwambie asipande ngazi na mzigo. Mimi nipo. Februari hii theluji imetufunga, basi la kwenda Kenmore nililisubiri siku moja mpaka nikawa sisikii vidole vya miguu. Chimène ananipigia kila Jumapili kutoka Hilliard, kule Columbus, anafunga vifurushi kwenye ghala kama wewe, na mchumba wake anaonekana mtu wa adabu.

Barua yako haikuchelewa njiani. Imekaa juu ya friji yangu wiki sita. Sitasingizia kazi.

Bibi ninayemtunza Kenmore ni wa asili ya nchi hii, wale waliokuwepo kabla ya wazungu. Wiki iliyopita nilikuwa napanga droo yake nikakuta kitambaa cheupe, kipande kidogo, hata leso hakitoshi. Akaniambia kila mwaka serikali inawapa watu wake kitambaa, kwa sababu ya mapatano yaliyoandikwa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Zamani kilitosha nguo, siku hizi kimebaki hicho. Nikamuuliza mnakipokea cha nini basi. Akasema siku wakiacha kukipokea serikali itasema karatasi imekufa. Nikamwambia kwetu sisi tulipewa chumvi. Akaniuliza, kwa karatasi gani? Nikaenda kumchemshia chai.

Nimeisoma ile barua uliyoniandikia niseme ni yangu. Kiswahili chake kizuri, Kifaransa chake kizuri zaidi. Nshombo umemwita shemeji mara nne. Nilihesabu. Miaka kumi na miwili ya ndoa yangu hukumwita hivyo hata mara moja. Ulimwita "yule Mutwa wako", mbele ya mama. Alipoleta mahari ya vibuyu vitano vya asali, ulisema asali haizai ndama, kwa hiyo mimi sikuolewa, nimechukuliwa tu. Lakini vibuyu viwili ulivibeba nyumbani kwako. Leo amekufa, amekuwa shemeji.

Hongera ya kuitwa. Sisemi kwa kejeli, najua ghala linavyoumiza mtu aliyewahi kukaa mezani.

Nina swali moja tu kabla ya sahihi. Mwaka 2004, mwezi wa tano, ulikuja shuleni kwangu na gari la ofisi. Uliniambia wafadhili wameleta chumvi, sabuni na mablanketi ya watu wa Nyabihira, ukaniomba niwaandike majina, kila mmoja atie kidole, ili isije kusemwa mzigo umeibwa. Niliandika. Orodha nikakukabidhi mkononi. Ile orodha ilienda wapi?

Nakungoja.

Cibalonza


Louisville, 29 Machi 2015

Mdogo wangu Cibalonza,

Tunakuombea Pasaka njema. Huku miti imeanza kuchanua na watu wanajiandaa kwa mashindano yao ya farasi, hawana habari nyingine. Caritas amepata dawa ya kupaka, anasema inamsaidia. Kanisani wamenifanya mzee wa baraza, angalau Mungu hajasahau cheo changu.

Barua yako imenisikitisha. Nimekuomba sahihi, umenijibu kwa asali. Watu wote wa zamani walisema maneno, hata mama alisema. Mimi nilikuwa kijana, nilikuwa na jina la familia la kulinda. Usisahau ni nani aliyekulipia chuo cha ualimu.

Kuhusu orodha, donc, ilikuwa ya chumvi, na chumvi iligawiwa, wewe mwenyewe uliila. Mambo ya ofisi ni mengi, karatasi zinaingia na kutoka, mkurugenzi hawezi kuifuata kila moja inakokwenda. Mtu akianza kufukua ya miaka kumi na moja hatafunika. Ninachojua ni kwamba kuhama kwa Nyabihira kulifanywa kihalali. Wafadhili walikuja, wakaonyeshwa faili, wakaridhika. Watu arobaini na mmoja walikubali kwa vidole vyao. Hakuna mahali pengine katika jimbo lile ambapo jamii ilishirikishwa hivyo, na ndiyo sababu jina langu linatajwa leo.

Sasa nikuambie jambo kama mkubwa wako. Mwezi wa sita mimi nakuja Columbus kukaa kwenye kiti cha baba. Bila mimi, wageni watamkuta Chimène hana wa kumpokelea mahari. Siwezi kukaa pale moyo ukiwa na donge kwamba mama wa bibi harusi amenikatalia jambo dogo. Nadhani tumeelewana.

Ile bahasha yenye stempu bado unayo?

Bagula


Buffalo, 10 Mei 2015

Yaya,

Chimène anakusalimu. Amechagua kitenge cha kijani. Yule bibi wa Kenmore alilazwa wiki mbili, amerudi, anakula vizuri. Bahasha yako ninayo.

Umeandika watu arobaini na mmoja.

Siku ile ya chumvi, watu wa Nyabihira hawakutaka kutia kidole. Ulikuwa umesimama kwenye gari, hukusikia. Walisema kidole cha mtu hakiachwi kwa mgeni. Nshombo akawaambia aliyeshika kalamu ni mke wetu, si mgeni. Akatia yeye wa kwanza ili waone hakuna ubaya. Wino ulikuwa wa muhuri wa shule, niliubeba mimi. Walikuwa watu arobaini, wakubwa wote. Mama mkwe wangu alirudi akatia mara ya pili, kwa ajili ya dada yake aliyekuwa mgonjwa ng'ambo ya mto, apate chumvi naye. Nilimwacha. Ndiyo sababu vidole vilikuwa arobaini na kimoja. Watu walikuwa arobaini. Hesabu hiyo ya arobaini na moja haipo mahali pengine popote duniani isipokuwa kwenye orodha yangu.

Kwa hiyo umenijibu bila kutaka.

Lakini si leo ndipo nilipojua, yaya. Baada ya wiki tatu walinzi wa msitu walikuja na bunduki. Mkubwa wao alikuwa na karatasi ya juu iliyopigwa taipu, inasema sisi tuliotia vidole hapa chini tumekubali kwa hiari kuhama na kutorudi. Chini yake ilibanwa orodha. Akaanza kuita majina, na yalitoka kwa mpangilio wangu, Nshombo kwanza. Nilisogea nikauona mwandiko wangu, ule mwandiko wa ubaoni mliokuwa mnausifu. Watu wote wakanigeukia. Hakuna aliyenitukana. Hilo ndilo lililonimaliza.

Walitupeleka kando ya barabara kuu, mahali pasipo mti. Uliahidi mashamba kwenye hotuba, hayakuja. Mwezi wa nane Nshombo alirudi msituni kutazama mizinga yake ya nyuki. Walinzi walimpiga risasi, wakasema mwizi. Kwenye msiba wake mama mkwe alikataa chakula nilichompikia. Tangu siku ile mpaka anakufa hakula tena cha mkono wangu. Alikuwa anasema, bila hasira, mwalimu alituuza kwa chumvi. Na watoto wao wanasema hivyo mpaka leo. Immaculée, mwalimu mwenzangu ambaye bado anafundisha pale walipo, anapata aibu kuniambia, lakini huniambia nikimuuliza.

Miaka kumi na moja nimekungoja useme. Nimekusubiri kwenye kambi ya wakimbizi, nimekusubiri kwenye ndege, nimekusubiri hapa. Nimekataa simu zako kwa sababu kwenye simu ungelisema halafu ungelikana, na mimi ningebaki na sikio tu.

Basi sikiliza bei yangu. Andika sentensi moja kwa mkono wako: kwamba ulichukua orodha ya chumvi ukaifanya ya kuhama, na kwamba mimi sikujua. Siku nitakayoipokea nitatia sahihi barua yako, hivyohivyo ilivyo, na mashemeji wake wote wanne.

Cibalonza


Louisville, 7 Juni 2015

Mdogo wangu,

Tu wazima. Joto limeanza.

Nimekusoma mara nyingi. Caritas naye amesoma, na tangu hapo ananitazama vibaya mezani. Kuna mambo hukuyajua. Agizo lilitoka juu. Wafadhili walitaka ridhaa ya jamii kwenye faili ndani ya mwezi mmoja, la sivyo mradi wote ungekwenda nchi nyingine, na mimi ningeitwa mkurugenzi aliyeshindwa. Karatasi zilikuwepo mezani. Makosa yalifanyika. Inasikitisha yaliyompata marehemu shemeji. Lakini wakati ule kila mtu alikuwa na wakubwa wake.

Hayo ni ya kusema uso kwa uso. Tutaonana Columbus tarehe ishirini. Nakala ya pili ya ile barua ya sahihi nimeichapisha, usihangaike kuitafuta ile ya kwanza.

Bagula


Hilliard, 23 Juni 2015

Yaya,

Nakuandikia kutoka kwa Chimène, mezani palepale ulipokaa. Vyombo tumeviosha, viti tumevirudisha kanisani kwa mchungaji Manassé, masufuria ya kuazima bado. Ulifika salama, Caritas amenipigia.

Sitaki useme baadaye kwamba sikuona heshima uliyotufanyia. Ulikuja na suti. Ulikaa kwenye kiti cha baba, ukazungumza vizuri, wageni wakafurahi. Familia ya Sebagabo walipoweka juu ya meza zile chupa tano za asali, hukuuliza ni za nini. Chimène ndiye aliyewaomba, kwa ajili ya baba yake. Ukacheka, ukawasimulia wageni ule mzaha wako kwamba asali haizai ndama. Watu wakacheka kwa kuwa hawakujua. Chimène alijua. Alisimama akaenda jikoni, na wewe ukaendelea na hadithi.

Halafu ukatoa ile karatasi mfukoni, mbele ya watu wote, ukampa mchungaji kalamu anishikishe. Ukasema, "Donc mudogo yangu, weka tu signature hapa, bageni baone famille yetu iko moja." Mchungaji masikini akadhani ni jambo la arusi.

Mimi nikakuambia, "Yaya, sema kwanza ile neno nilikuomba."

Ukasimama. Nilifikiri unasimama kuisema. Ulizungumza dakika kumi kuhusu misitu, na Mungu aliyeiumba, na mataifa yanayoitazama Kongo, na umoja wa familia. Ulimaliza, wakakupigia makofi. Hotuba nzuri. Nikaikunja karatasi yako nikaiweka kwenye mkoba, nikasema nitaisoma nyumbani.

Baadaye Chimène aliniuliza kwa Kiingereza chao ile karatasi ni ya nini. Nimemweleza yote, mpaka wino. Hakulia. Aliuliza kama bibi yake alikufa akiamini kwamba niliwauza. Nikasema ndiyo.

Kwa kuwa hukulipa bei, sahihi huna. Lakini chini ya barua yako kulikuwa na anwani ya wafadhili, na jana tumeandika barua yetu, kwa Kifaransa, tumeituma kwa posta ya haraka. Nimeeleza chumvi, wino, karatasi ya juu na risasi. Nimewaandikia upya majina yote kutoka kichwani, sikusahau hata moja, na safari hii mama mkwe nimemwandika mara moja tu. Watu arobaini. Chini kabisa nimetia kidole changu, ambacho siku ile hakikuwepo. Kwa hiyo vimerudi kuwa arobaini na kimoja, na kila kimoja kina mtu wake.

Nimekuambia mwenyewe ili usiseme nimekuzunguka.

Cibalonza


Louisville, 18 Oktoba 2015

Mdogo wangu Cibalonza,

Nimekaa miezi minne bila kukuandikia na sababu unaijua. Natumaini wewe mzima, na mkwe wetu na Chimène wazima. Nasikia ni mjamzito. Mungu ashukuriwe.

Nimeipata ile nafasi.

Nitakuambia ilivyokuwa, maana najua unajiuliza. Barua yenu ilifika. Mwezi wa saba sikulala vizuri, nakiri. Halafu rafiki yangu aliyekuwa kwenye kamati akanipigia. Kwenye fomu ya wafadhili kuna mahali pameandikwa: barua ya jamii, ipo au haipo. Kwangu waliandika ipo. Waombaji wengine hawakuwa na barua yoyote, na mimi nilikuwa na barua yenye majina na kidole. Ya ndani waliyasoma, naam. Mzungu mmoja alisema ni jambo zuri kwamba jamii ya Nyabihira ina uhuru wa kutoa maoni, inaonyesha nilijenga mazungumzo. Imewekwa kwenye faili. Kwa hiyo, bila kupenda, umenisaidia, na mimi si mtu wa kukosa shukrani.

Ghala nimeliaga. Kile kimashine nilikiacha juu ya meza ya yule kijana msimamizi bila kusema neno. Tunasafiri tarehe tano Januari. Mwezi wa pili nitaanza ziara, na kijiji cha kwanza kitakuwa cha watu wako, pale barabarani. Nataka waone nimewakumbuka.

Kuna jambo moja limebaki. Unakumbuka mama hakumwacha mtu wa kwetu aende kuchukua kiti huku ndugu yake ana kinyongo. Alikuwa anapiga funda la maji, anatutemea kifuani, ndipo mtu anaondoka. Mama hayupo. Wa tumbo lile umebaki wewe peke yako. Caritas amesema hapandi ndege kama wewe hujanitemea maji, na ukijua magoti yake utajua akisema hapandi hapandi.

Basi, kwa kuwa ulikuwa unaitaka sana hiyo sentensi, na sasa haimdhuru mtu tena, hii hapa. Mimi Bagula nilichukua orodha ya chumvi iliyoandikwa na dada yangu, nikaibana chini ya karatasi ya kuhama. Nilijua hawakusomewa. Yeye hakujua. Umeridhika?

Njoo Louisville kwa Noeli. Tiketi ya basi nitakutumia.

Kaka yako,
Bagula


Buffalo, 8 Novemba 2015

Yaya Bagula,

Salamu kwako na kwa Caritas. Sisi wazima. Chimène anatapika asubuhi tu, mchana anakula. Akizaa wa kiume ataitwa Nshombo, wakwe wamekubali. Bibi wa Kenmore amepata kitambaa chake cha mwaka huu, nimemkunjia pamoja na vingine.

Nilikuahidi kwamba siku utakayoandika sentensi nitatia sahihi barua yako. Mimi nikisema nimesema. Utaikuta ndani ya bahasha hii, ile yenye stempu yako ya Januari, na sahihi yangu chini. Najua haina kazi tena. Na sentensi yako uliizuia mpaka isiwe na kazi kwako ndipo ukaitoa.

Kwangu ilikuwa nayo. Hukuniuliza kamwe naitakia nini. Ulidhani naitaka kwa ajili ya wafadhili, au nikuone umepiga magoti. Siku barua yako ilipofika nilimwita Chimène kwa simu, akanifundisha kuipiga picha, ukurasa wote, mwandiko wako na jina lako. Nikaituma kwa Immaculée. Jumapili iliyopita, baada ya misa, aliwasomea watu wa Nyabihira pale barabarani. Walikuwepo karibu wote waliobaki, na watoto wao.

Anasema alipofika kwenye ile sentensi walimwomba arudie. Akarudia. Wakamwomba awaonyeshe mahali penyewe kwenye simu, ingawa wengi hawasomi. Halafu mdogo wake Nshombo, yule aliyekuwa akitema mate chini likitajwa jina langu, akauliza mwalimu siku hizi yuko wapi, na huko aliko anakula nini.

Kwa hiyo mwezi wa pili ukienda na magari yako huna haja ya kujieleza. Wanakusubiri, na wameshakusikia kwa maneno yako mwenyewe.

Noeli sitakuja. Lile funda la maji nimelipiga, yaya, nikasimama nalo hapa dirishani nikakufikiria sana, tangu ulivyokuwa unanibeba kuvuka kijito kwenda shule. Nimelimeza.

Simu sasa unaweza kupiga siku yoyote. Nitapokea. Hakuna tena ninachotaka uniandikie.

Cibalonza, mke wa Nshombo